Kibonye cha Nne

Tulikinunua Jumamosi, duka la hisani,
pale kona ya mteremko, Sheffield ikinyeshewa
na ile mvua yake isiyojua kuanza wala kwisha.
Pauni mbili na nusu. Kinanda chekundu,
urefu wake hauzidi mikate miwili ya boflo,
miguu mitatu; wa nne umebaki kwa mwenyewe wa kwanza.
Zamda alikibeba peke yake hadi ghorofa ya tatu,
akipumzika kila ngazi ya tano,
na kila akikitua, kilisema neno.

Mimi nilikuwa na mpango wangu.
Nilitafuta karatasi za kunata, rangi nane:
nyekundu ni do, ya chungwa ni re,
nikazibandika juu ya vibonye kwa mstari,
nikakaa kitako kama mwalimu wa chuo.
"Sema do."
"Sitaki."
Kesho yake do ilikuwa kwenye goti lake,
re kwenye mlango wa friji,
na mi, mi tuliikuta siku ya tatu
ndani ya nepi ya Idrisa.

Basi nikamwachia.
Akakihoji kwa kidole, kwa kiwiko, kwa kijiko cha uji,
akakilalia shavu, akasikiliza tumbo lake.
Vile vyeusi vimechorwa tu, rangi juu ya ubao,
navyo huvibonyeza vilevile, kwa haki sawa,
kisha husubiri.
"Hivi vinaongea ndani," aliniambia.
Idrisa, ambaye bado anatambaa,
ana sauti moja tu, ya mwisho kulia, nyembamba kama sindano.
Huipiga mara arubaini,
halafu hulia kwa sababu imekwisha.

Kibonye cha nne kilikuwa kimekufa.
Do, re, mi, tk.
Ukucha juu ya meza.
Nilijua nimepunjwa.

Bwana Haworth wa chini alipanda Jumapili.
Nilimfungulia na samahani mdomoni, kwa makelele yetu.
Mkononi alikuwa na bisibisi.
Miaka thelathini na moja kiwandani, vidole vimekaa kama koleo,
alikipindua kinanda juu ya zulia,
akatoa parafujo sita, akazipanga kwenye kisosi,
tukachungulia wote wanne:
fito za chuma, ndefu kwa fupi, kama meno ya kitana,
na vinyundo, kila kimoja na ufito wake.
Wa nne umekatikia shinani.
Aliupapasa. "Chuma kizuri," alisema kwa lugha yake,
kama mtu anayemtambua mtoto wa jirani.
Ana kipande nyumbani, akasema, angeweza kuunga.

Zamda akaweka kiganja juu ya tundu.
"Kimelala. Msikiamshe."

Sasa leo. Saa kumi tu na giza limeshafunga.
Nimekwisha kuoga, naingia zamu saa mbili,
na kwa kidole kimoja nikawa natafuta
ule wimbo wetu wa foleni ya kuingia darasani, Korogwe,
kengele ikiwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo.
Kumbe wimbo wenyewe unapita palepale, kwenye cha nne,
mara tatu kila ubeti.
Nilipofika, tk.
Nikarudi nyuma. Nikafika. Tk.

Safari nyingine, kutoka chini ya meza,
alikokuwa akimvisha Idrisa soksi mikononi,
Zamda akaiimba.
Ile moja tu. Sauti ndogo, imeinama kidogo upande,
wala hakuinua kichwa.
Nikaenda mpaka tundu la pili, nikangoja.
Akalijaza.
Idrisa naye, na soksi zake, akagonga ile ya mwisho
ilipotakiwa na isipotakiwa.

Saa moja na nusu nilikuwa bado nimepiga magoti zuliani,
koti nimelivaa, kofia kwapani.
Basi la kwanza nimeliacha lipite.