Kamba ya Nguo

Mkataba wa nyumba, kifungu cha saba:
mpangaji hatapigilia msumari ukutani,
hatasimamisha mlingoti, dishi wala kijiti
juu ya paa, kwenye roshani, wala uani.
Nikatia sahihi. Nikapewa ufunguo:
chumba na sebule, ghorofa ya tatu, Section 58,
na dirisha linalotazama mgongo wa Menengai.

Nilikuwa na redio sandukuni, na leseni,
na jina la hewani lililokosa hewa.

Kwanza nilijaribu roshani. Hatua tatu, ukuta.
Waya ukajikunja kama mjusi ndani ya chupa.
Nikaita, nikaita, na nikasikia nini?
Friji ya jirani ikikoroma,
taa za ngazini zikilia zzz,
chaja arobaini za simu zikinong'onezana.
Ghorofani hata kimya kina wapangaji wengi.

Ndipo nikapanda juu kuanika shuka, nikaziona:
kamba saba za nguo, chuma hadi chuma,
halali, zimefungwa na mwenye nyumba mwenyewe.
Ya mwisho nikaipima kwa mkono wangu:
dhiraa ishirini na mbili.
Nilikaa chini, beseni mapajani, nikacheka peke yangu.

Kimemia wa Shabab, fundi wa mota zilizoungua,
aliniuzia waya mwekundu, mwembamba kama ndevu za hindi.
Usiku nikausokota kambani, nikaukata katikati,
mkia nikaushusha kando ya bomba la mvua
hadi dirishani kwangu.

Tangu hapo najua majirani kwa ufuaji wao.
Shuka mbichi za Nereah humeza nusu ya sauti yangu.
Jinzi za wale wanafunzi wa namba tisa
hunivuta chini ya masafa niliyoyachagua.
Jumamosi, siku ya kufua, sina dunia.
Jumapili jioni, nguo zikishaanuliwa, dunia hurudi.

Ilirudi na Ildar, mzee wa Kazan, mgongaji wa polepole.
Tatu tatu tisa, akanipa. Yaani: nakusikia kwa taabu.
Antena yako ni gani?
Kamba ya nguo, nikagonga.
Akauliza tena. Nikarudia, herufi kwa herufi.
Kimya. Kisha nukta nne, nukta mbili,
nukta nne, nukta mbili:
ndivyo watu wetu wanavyocheka.

Makokha mlinzi ana jicho la mwewe.
Alhamisi alinikuta juu, akaushika waya kwa vidole viwili
kama anayeopoa mdudu kwenye uji.
"Kifungu cha saba, mwalimu."
Hakuna msumari, nikasema. Hakuna mlingoti. Ni kamba.
Akaitazama kamba, akautazama mlima,
akazibana funguo zake mfukoni zisilie.
"Inafika wapi?"
Nikamtajia Kazan, nikamtajia Antananarivo,
na kisiwa ambacho sikujua kama kina watu.
"Na Butere?"

Hapo nikakwama. Nikamweleza: wimbi hili
hupanda juu sana, likagonga, likarudi,
na linaporudi limeshairuka Butere zamani,
linatua ng'ambo. Walio karibu hawanisikii.
"Yaani Butere ni karibu mno."
Karibu mno.
"Simu tunayo," akasema, ingawa sikumuuliza.
"Mama hupokea. Nilitaka tu kujua kama inafika."

Ipo njia, nikamwambia: waya mara mbili ya huu,
ukae chini, chini kabisa, wimbi lipande wima
na kumwagika hapahapa kama mvua ya Agosti.
Lakini nani ana dhiraa arobaini na nne
katika mji huu wa mabati na kuta?
Hakujibu. Akashuka, funguo zikilia.

Asubuhi, kabla ya muuza maziwa, nikachungulia.
Makokha yuko uani, anapima kwa mkono,
kutoka tangi la maji hadi langoni,
midomo ikimcheza kwa hesabu.
Langoni akasimama. Zimepungua sita.
Akainua macho, akautazama ukuta wa jirani.