Maji ya Kioo

Saa kumi na moja jioni, Januari, Grogan.
Vumbi limekaa juu ya boneti kama unga wa posho,
nami niko chini ya Probox ya mtu
simu inapolia tumboni mwa ovaroli.

Ni Wakio. Kwake ni saa mbili asubuhi,
ameegesha kando ya barabara ya Edmonton,
na malori yaliyompita yamempaka kioo
uji wa chumvi na tope.
"Mwadime, nabonyeza, maji hayatoki."

Namuuliza ya kifundi: Fyuzi?
Pampu unaisikia? Vitundu vimeziba?
"Yameganda. Chupa nzima ni jiwe."

Natoka uvunguni. Najifuta mikono kwa gunia.
Miaka ishirini na miwili nafungua boneti za watu
na ugonjwa huu sijaukuta.
Hapa maji hukauka, huvuja,
huibwa siku za mgao.
Hayajawahi kukataa kuwa maji.

"Uliweka nini?"
Kimya. Upepo unapiga simu yake kama turubai.
"Maji ya mfereji. Na Omo kidogo.
Kama Baba."

Kama Baba: Jumapili, Umoja, ile Peugeot,
kopo la Kasuku mkononi.
Yale ya rangi ya samawati pale petroli stesheni
aliyaita wizi uliotiwa rangi.
"Maji ni maji," alisema, na kwa Umoja
alisema kweli.

Omwenga, mwanagenzi wangu, anapaza sauti:
"Mwambie amwagie ya moto!"
La. Kioo baridi na maji moto ni wakwe,
hawakutanishwi ghafla. Kitapasuka.

Nafikiri. Nalikumbuka friza la Mama,
barafu za shilingi mbili ndani ya karatasi za nailoni,
na nyuma yake, chini kabisa,
nusu chupa ya mjomba Mghanga
aliyoapa mbele ya kanisa kwamba ameiacha.
Barafu zote ziliganda. Chupa ile, kamwe.

"Wakio, una pombe?"
"Mimi? Saa mbili asubuhi?"
"Chochote chenye pombe."
Anapekua mkoba. Risiti, kalamu, pipi,
sanitaiza ya hospitali anakofanyia kazi.
"Mimina kwenye kitambaa. Pangusa.
Injini iache ingurume, nayo ina kwapa lake,
kama wewe ulivyoficha barafu kwapani
ziyeyuke upesi."

Nasikia mlango. Nasikia meno yake.
Nasikia kitambaa kikilia juu ya kioo,
kii, kii, kilomita elfu ngapi sijui.

"Naona," anasema.
"Unaona nini?"
"Hakuna kitu. Nyeupe tu, mpaka mwisho.
Lakini naiona."

Simu inakatika, au ameikata.

Omwenga ananiletea kopo.
Najaza chupa ya Probox, maji ya mfereji,
Omo kidogo, naketi kwa usukani.
Nabonyeza.
Yanaruka mawili, membamba, juu ya vumbi,
na kwa muda simruhusu waipa ayafute.