Risiti

Nimelipa elfu arobaini na mbili
ili niruhusiwe kufanya kazi.
Wifi yangu Haluwa aliishika risiti kwa ncha za vidole
kama aliyeokota kamba ikajinyonganyonga:
"Mbodze, miaka thelathini na moja
benki ilikulipa uhesabu pesa.
Leo unalipa wewe, uhesabu panya?"

Si panya, nikasema. Ni sange.
Akacheka hadi leso ikamfunguka.

Basi niko msituni, upande wa Msabaha,
saa kumi na moja alfajiri,
ndani ya buti za marehemu mume wangu,
nimeshindilia soksi mbele vidole visiogelee.
Tuko sita. Annelie, mwalimu wa hesabu,
kaja kwa ndege tatu na mafua.
Vijana wa chuo wanasinzia wakiwa wima.
Mwaringa anatugawia utepe, daftari, penseli.
Kalamu ya wino, asema, hulia ikiona umande.

Kazi yenyewe ni kutembea mstari ulionyooka
katika msitu usiojua mistari.
Hatua ishirini. Simama. Tazama chini.
Kiota cha sange ni rundo la majani
mahali palipojaa majani.
Siku ya kwanza sikuona hata kimoja.
Siku ya pili nilikikanyaga.

Ukurasa wa saba nimeandika:
dume na jike huoana maisha,
ila kila mmoja hulala kwake
na hukutana kwa nadra.
"Sasa wanajuaje kuwa wameoana?" Annelie aliuliza.
Wote wakacheka. Mimi nilifunga kamba za buti.
Wangu aliendesha lori la simiti, Mombasa hadi Garissa,
miaka kumi na tisa.
Wanajua.

Siku ya tisa tukatandaza wavu.
Mwaringa alianza kutuonyesha fundo,
akakuta mikono yangu imeshalifunga,
na la pili, na la tatu.
"Nani alikufundisha?"
Benki, nikasema.

Uongo. Ni kaka yangu Thoya,
mwaka ule mahindi yalipokataa,
kwa kamba ya mkonge tuliyoisokota mapajani
mpaka mapaja yakachubuka.
Mama aligawa nyama kwenye sinia, nami nikahesabu:
vipande saba, vinywa sita,
na kile cha saba hakuna aliyekiangalia
mpaka mmoja wetu alipokiangalia.
Hesabu yangu ya kwanza haikuwa ya noti.

Akaingia saa kumi na mbili na dakika arobaini.
Pua ndefu ya mpelelezi, miguu ya sindano,
na kule nyuma manjano tupu,
kama aliyekalia benchi lenye rangi mbichi.
Nikapewa mimi nimshike, mkubwa kwa umri.
Gramu mia tano na thelathini. Jike.
Moyo wake haukupiga, ulitetema,
simu iliyozimwa sauti ndani ya mfuko wa pamba.

"Mwachie sasa," alisema Mwaringa.

Nilisikia. Vidole ndivyo havikusikia.
Vilikuwa vimekumbuka shingo,
mahali hasa, na nguvu ipi inatosha.
"Mama Mbodze?"
Nikaviambia taratibu, kama mteja mkaidi dirishani:
tulieni, tumeshalipa.

Mkia ukachapa majani, pa pa pa,
na msitu ukajifunga nyuma yake.

Jioni Haluwa akapiga. "Wangapi?"
Mmoja.
"Elfu arobaini na mbili, mmoja!"
Nikasubiri kicheko chake kiishe,
na nyuma yake, mbali kidogo na simu,
nikasikia kikohozi cha Thoya,
Thoya ambaye siku hizi hauliziwi wala haulizi,
akimvuta mkewe kanga:

"Hebu muulize. Kwani wamebaki?"