Sufuri Iko Upande Gani

Böblingen, Februari. Barafu imeshika dirisha.
Wiebke Harms, usiku wa nne karakanani,
anaandika tatu. Biti ya tatu ndiyo feni,
mwongozo umesema.
Feni ya tanuri la mikate haizunguki.
Kinalia king'ora.

Anaandika tatu tena, polepole,
kama mtu anayemtajia kiziwi jina lake.
King'ora.
Emrah, fundi wa zamu, ameziba masikio
kwa vidole vyenye unga:
"Bi Harms, majirani wataita polisi."

Rejista ina viti thelathini na viwili, safu moja.
Aliyeunda chipu alianza kuhesabu kulia,
kwenye biti nyepesi: sufuri ina uzito wa moja,
ya kwanza mbili, ya pili nne, ya tatu nane,
kila hatua mzigo ukijirudufu.
Aliyeandika mwongozo alianza kushoto,
kwenye biti nzito, kama jicho lisomavyo.
Thelathini na moja, toa tatu.
Huko ndiko feni ilikokuwa imekaa, siku nne,
ikisubiri kuitwa.

Waya haujui namba yake.

Tusiwacheke. Sisi tunaianza siku na jua,
saa moja yetu wenzetu waiita saba,
na ndege ngapi zimetuacha uwanjani kwa hesabu hiyo?
Huko Ujerumani nako, ishirini na nane
hutamkwa nane-na-ishirini, mdogo mbele,
kisha kalamu huanza na mbili.

Asubuhi anampigia Detlef Oesterle, mstaafu,
ambaye herufi zake ziko chini ya ukurasa wa arobaini.
"Mkubwa hukaa mwanzo wa safu," anasema Oesterle.
"Ungempa nani sufuri?"
"Na mliporefusha rejista hadi sitini na nne?"
Kimya. Kijiko kinagonga kikombe.
"Tulibadilisha namba za viti vyote.
Miezi saba. Mke wangu alidhani nina mwanamke mjini."

Wiebke anacheka, bila kutaka.
Juu ya msimbo anaongeza mstari:
*Hapa sufuri iko kushoto. Hesabu kabla hujagusa. W.H.*
Halafu anaandika ishirini na nane.

"Vipi feni?" Oesterle bado yuko kwenye simu.

Hamjibu. Anainyoosha simu kuelekea tanurini,
mkono wote,
asikie mwenyewe.