Vumbi la Leo

Usiku ule umeme ulipokatika hapa Tiira
Ajambo aliniita nyuma ya karasha.
Alishika mawe mawili meupe, kila moja kama ngumi ya mtoto,
akayasugua kwa nguvu kama anayefua shuka la mgonjwa.
Nikaona mwanga.
Si cheche. Mwanga ndani ya jiwe,
wa manjano iliyofifia, kama taa ya nyumba ya ng'ambo ya bonde,
ukaja ukafa, ukaja ukafa.
"Nusa, shangazi."
Nikanusa. Kiberiti ambacho hakuna aliyekiwasha.
Harufu niliyoijua miaka kumi na moja
nikidhani ni ya mashati ya kaka yangu.

Nasaga mwamba. Ndiyo kazi.
Unatoka shimoni kwa magunia, migongoni mwa vijana,
kwanza nyundo, kisha kinu, kisha pipa la chuma
lenye mipira thelathini na miwili,
linalozunguka na kulalama hadi mwamba uwe unga
laini kuliko wa ulezi.
Wenye magunia hutazama dhahabu.
Mimi nilitazama unga, na nilidhani kusaga ni kupunguza tu:
muhogo ni muhogo, uwe mzima uwe umetwangwa.

Hapana, anasema Ajambo,
daftari lake la kemia lina madoa ya mafuta ya jenereta.
Ndani ya jiwe kila chembe imemshika jirani yake mkono
tangu kabla ya watu.
Nyundo ikishuka, mikono inaachana.
Na mkono ulioachwa haukai hivihivi,
unapapasa,
unashika chochote kilicho karibu: hewa, maji,
(hapo akasita)
nyama.

Ndiyo maana pipa, nikilifungua baada ya saa nne,
linapumua.
Mapovu yanapanda juu ya tope bila moto, bila sabuni.
Jiwe limeyanyang'anya maji kipande,
kilichobaki kinapanda, chepesi kuliko chochote,
na ukikileta karibu na kibatari kitawaka.
Mwanzoni tulisema ni pepo.
Fundi Barasa alimwaga pombe kidogo kizingitini.
Sikumcheka. Nami nilikuwa nimerudi nyuma hatua mbili.

Kaka yangu Makokha alitwanga makavu.
Maji yalikuwa mbali, na yana bei.
Alifunga puani soksi ya zamani ya mpira,
akatwanga, akavuta vumbi dakika ileile lilipozaliwa.
"Vumbi la leo ni kali kuliko la jana," Ajambo anasoma.
Likilala siku kadhaa mikono yake hushika hiki na kile,
hutulia kidogo. Kidogo tu, halisamehe.
Lakini Makokha hakulipa hata usiku mmoja.
Lilimkuta likiwa na njaa,
likaushika ukuta wa pafu lake
kama lilivyokuwa likimshika jiwe mwenzake.
Zahanati ikasema kifua kikuu, ikampa vidonge vya miezi sita.
Alivimaliza vyote. Kikohozi hakikuwa na habari.

Wakati mwingine nawaza upuuzi:
laiti wangekutana siku mbili baadaye,
yeye na lile vumbi.

Siku hizi namwagia maji kwanza, hata kwenye kinu.
Wenye magunia hununa, eti nawachelewesha,
eti maji ya kununua yatakatwa kwa nani.
Nawaambia: jiwe lina kiu kukuzidi.
Wakacheka juzi, wote,
isipokuwa Odwori, aliyekuwa amegeuka kando
na mkono mdomoni.

Kaburi tulilizungushia mawe meupe, yaleyale ya shimoni.
Fundi alitaka kuyachonga yakae sawa,
tayari ameinua nyundo.
Nikamshika kiwiko.
Yaache, nikasema, yaache yashikane.
Moja limekaa upande hadi leo.
Mvua za Aprili zitalisogeza, nitalirudisha.