Nusura Haina Safu

Saa mbili kasorobo, Jumamosi ya Februari, Cwm Helyg.
Umande umeganda, kila jani la nyasi
limevaa chumvi. Niko na ubao wangu wa kuandikia
na kalamu inayogoma kwa baridi
mpaka niipulizie kama mtu anayewasha makaa.

Fomu ina safu tano.
Hatari. Nani ataumia. Uwezekano. Ukali. Hatua.
Moja mpaka tano, zidisha, andika jibu.
Aliyeibuni, nadhani, alipenda hesabu
na hakuwahi kumfunga mtoto kamba za viatu.

Mashimo ya fuko, kona ya kaskazini: tatu kwa mbili, sita.
Nayafukia kwa kisigino, namwomba radhi fuko.
Kinyesi cha kondoo: tano kwa moja, tano.
Kondoo wa Idwal hawajui ua ni nini,
wala Idwal.
Chupa iliyovunjika nyuma ya benchi la wageni:
vipande kumi na kimoja. Navihesabu mara mbili
kwa kuwa chupa haisemi ilivunjika vingapi.

Kisha goli.
La alumini, la magurudumu, lile tulilonunua
kwa pesa za keki na bahati nasibu.
Nalisukuma kwa kidole. Kidole kimoja.
Linainama, linanisalimu, linarudi.
Mifuko ya mchanga iko wapi?
Iko mlangoni mwa klabu tangu mto ulipofurika,
inalinda zulia.

Nafunua fomu ya mwaka jana. Goli, uwezekano: moja.
Mwandiko wa Gethin, mwandiko wa mtu
aliyeketi garini, hita ikinguruma.
Nafunua ya mwaka juzi. Moja.
Mwandiko wangu.

Sasa niseme jambo lisilokuwamo kwenye faili.
Machi ile upepo ulishuka mlimani bila kubisha hodi,
goli likalala kifudifudi.
Tegid, miaka tisa, alikuwa ametoka pale punde tu
kukimbiza kofia yake ya sufu iliyopeperushwa.
Hatua nne. Nilizipima baadaye, peke yangu,
kwa miguu yangu, taa za uwanja zimezimwa.
Watoto walicheka. Nami nikacheka.
Tukaliinua, watu sita, mechi ikaendelea,
tukafungwa tatu bila.

Nusura.
Usiku ule nilitafuta mahali pa kuiandika.
Aliyevunjika mkono ana fomu yake, nakala tatu.
Aliyezimia ana yake, ya manjano.
Nusura haina safu.
Nusura hutoka uwanjani na kofia mkononi,
hununua chipsi, huingia siki nyingi,
hulala fofofo.

Ajali haina kinga, husema watu.
Sawa. Lakini mfuko wa mchanga una kilo ishirini na tano,
na leo nimeitoa minne mlangoni, mmoja mmoja,
nikivuka barafu kwa hatua za bata.
Mgongo wangu: tano kwa tatu, kumi na tano.
Huo sikuuandika.
Zulia litajijua.

Saa tatu wakafika, pua nyekundu, soksi zisizofanana.
Tegid sasa ana miaka kumi na moja na mikono mirefu.
Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja golini,
akaruka, akaning'inia kwenye mwamba wa juu
kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.
Goli halikutikisika.
"Shuka!" nikafoka, sauti ikapanda
kuliko kosa lenyewe. Akashuka, akanitazama.
"Kwani unaandika nini, Eirlys?"
"Nyasi," nikasema. "Nyasi na kondoo."

Alipoondoka niligeuza karatasi
na pembeni, nje ya mistari, nikaandika kwa herufi ndogo:
Machi. Upepo. Kofia. Hatua nne.
Kisha nikatia sahihi, saa na tarehe,
nikapapasa ufunguo wa lango la gari la wagonjwa.
Ulikuwepo mfukoni, baridi,
ukigongana na sarafu za chai.