Mwenye Akaunti

Baba alikufa Jumanne. Alhamisi usiku taa ikazimika.
Si radi, si waya: nguzo za stima ziliishia kwa chifu
na hazijawahi kupanda mlima huu wa mawe.
Ni kile kisanduku cha manjano ukutani,
alichokitolea elfu tatu za kwanza,
kisha hamsini kila siku, hamsini, hamsini,
kama mpangaji anayelilipa jua kodi.

Jeneza sebuleni. Kwaya ya Friends imefika ubeti wa tatu.
Giza likawaangukia katikati ya neno
wala hawakukatiza,
ila sauti ya nne ilisikika ikipapasa ukuta.

Nikapigia kampuni. Muziki. Bonyeza moja. Bonyeza tisa.
Kisha kijana mwenye sauti iliyopigwa pasi:
"Naomba nizungumze na mwenye akaunti."
Nikamwambia yuko hapa, hatua mbili kutoka niliposimama,
amevaa suti ya kahawia,
ila leo haongei na mtu.
Akasema, "Pole kwa usumbufu. Unaweza kumpa simu?"

Pesa ninazo, nikamwambia. Nitalipa yote, tumalizane.
"Mfumo unataka namba yake ya siri."
Namba ya siri!
Mtu aliyetuficha hata mwaka wake wa kuzaliwa,
aliyejua nani alichukua ndama wetu wa Kegode
akanyamaza miaka ishirini ili tuendelee kusalimiana.
Hiyo namba ameilalia.

Chanzu, ndugu yangu, akaleta bisibisi.
Hutengeneza redio Chavakali, kando ya duka la dawa,
na hajawahi kukutana na skrubu akaiogopa.
Akamulika kwa simu. Chini ya kisanduku, kibandiko,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
vilivyomo ndani ni mali ya kampuni,
saketi, programu, na ubunifu wote;
atakayefungua atashtakiwa.

"Nitakuwa nimeiba nini?" akauliza.
"Shaba ilichimbwa ardhini. Jua ni la Mungu.
Pesa zilikuwa za baba.
Walichobuni wao ni kufuli.
Basi kufuli wachukue, siwanyang'anyi."

Lakini mama akasema hapana.
"Baba yenu hajazikwa. Hatazikwa na jina la mwizi."
Shangazi Imali akaingia uvunguni,
akatoka na koroboi ya mkebe wa maziwa,
tambi ikashika kwa kiberiti cha kwanza
bila kuuliza ni ya nani.

Ijumaa, nyuma ya programu ya mazishi, nilipiga hesabu.
Siku mia saba na kumi na tisa alizolipa.
Elfu thelathini na nane, mia tisa na hamsini.
Paneli kama ile, sokoni, ni elfu kumi na nane,
na muuzaji hakufuati nyumbani.
Zilibaki siku kumi na moja amalize.
Tisa kati yake alizilala hospitali ya Mbale.

Sisemi ni wezi.
Mwizi huja usiku akaondoka.
Hawa walikaa ukutani mwetu miaka miwili
wakituamulia usiku unaanza saa ngapi,
na sisi tukapangusa vumbi, tukawashukuru,
kwa sababu mtoto alisoma, ni kweli, alisoma,
na baba alibonyeza *Nakubali* mwenyewe,
kwa kidole gumba chenye kovu la jembe,
kurasa arobaini ambazo hakuna aliyemsomea.

Jumamosi tukamzika. Jua lilikuwa kali hata maua yakanywea.
Juu ya bati paneli ilishiba mwanga mchana kutwa,
na kisanduku kikakonyeza taa yake nyekundu,
kimeshiba, kimenuna.

Jioni, waombolezaji wakikunja viti,
simu ya baba ikalia mfukoni mwa mama.
Ujumbe.
*Ndugu mteja, tumekukosa sana.
Rudi leo, upate siku tatu bure.*

Mama aliusoma. Akausoma tena, midomo ikitembea.
Akaiweka simu mezani, kioo kikiangalia chini,
akaitafuta bisibisi kati ya vikombe,
akamsogezea Chanzu.